Hukumu Ipo, Malipo Hayapo: Kumshtaki Askari Nchini Kenya

Watu wengi ninaowasaidia kuandika malalamiko dhidi ya polisi hapa Mombasa huanza kwa kuuliza iwapo askari aliyewaumiza atafungwa. Ni swali la haki, na mtu aliyevunjwa mkono au aliyempoteza mwanawe hawezi kulaumiwa kwa kutaka kwanza kumwona mkosaji akisimama kizimbani. Hata hivyo, kazi hii ya kujitolea kama msaidizi wa kisheria imenifikisha kwenye imani kwamba swali linalofuata, la nani atalipa na lini, ndilo linaloonyesha wazi zaidi iwapo dola inayathamini maisha ya raia. Kenya ina sheria nzuri za kumlinda mwananchi dhidi ya askari mkorofi, na hilo silipingi. Kinachokosekana ni mtu wa kubeba gharama ya kosa. Mahakama ikisema kwamba askari alivunja sheria, hukumu hutolewa dhidi ya Mwanasheria Mkuu kwa niaba ya serikali, fidia hutoka katika kodi ya wananchi pale inapotoka, na mara nyingi askari mwenyewe huendelea na kazi bila kukatwa hata shilingi moja ya mshahara.

Ili kulielewa jambo hili ni lazima kutenganisha njia mbili ambazo watu huzichanganya. Njia ya kwanza ni ya malalamiko, inayolenga nidhamu au mashtaka ya jinai. Mwananchi anaweza kwenda kwa mkuu wa kituo, kwa Kitengo cha Masuala ya Ndani cha polisi wenyewe, au kwa Mamlaka Huru ya Kutathmini Utendakazi wa Polisi, ambayo wengi tunaijua kwa jina la IPOA. Njia ya pili ni kesi ya madai, ambapo aliyeumizwa anaidai serikali fidia kwa sababu mtumishi wake alimpiga, alimfungia bila sababu au alimfungulia mashtaka kwa chuki. Njia hizi zinaweza kufuatwa kwa wakati mmoja. Hakuna sheria inayomlazimisha mtu kungoja moja imalizike ndipo aanze nyingine, na kutolijua hilo kumewanyima watu wengi haki zao, kama nitakavyoeleza.

IPOA haikuzaliwa kwa ukarimu wa mtu yeyote. Ilitokana na damu iliyomwagika baada ya uchaguzi wa Desemba 2007, wakati watu zaidi ya 1,100 waliuawa na Tume ya Jaji Philip Waki ikabaini kwamba mamia kati yao walikufa kwa risasi za polisi. Jopo la Jaji Philip Ransley lilipendekeza mwaka 2009 mageuzi makubwa katika polisi, Katiba ya 2010 ikaweka msingi, na sheria ya kuunda mamlaka hiyo ikapitishwa mwaka 2011. Tangu hapo polisi wanawajibika kuijulisha IPOA kuhusu kifo au jeraha baya lililotokea mikononi mwao au kutokana na kazi yao. Jedwali la Sita la Sheria ya Huduma ya Taifa ya Polisi linamtaka askari mwenye sare avae jina lake au namba yake ya kazi mahali panapoonekana, linamkataza kuharibu ushahidi, na linasema kwamba amri ya mkubwa wake si kinga iwapo amri yenyewe ilikuwa kinyume cha sheria. Mtu akiyasoma maneno hayo akiwa nyumbani kwake anaweza kulala usingizi mzuri.

Matatizo huanza kwenye meza ya kuripotia. Kijana mmoja wa bodaboda, ambaye sitamtaja wala kituo chenyewe sitakitaja, alifikishwa hapo na mama yake akiwa ameufunga mkono wa kushoto kwa leso, baada ya kupigwa rungu na askari wa doria waliotaka pesa. Askari wa zamu hakukataa kuandika. Alimuuliza mama mwanawe alikuwa wapi usiku ule na kwa nini hakuwa nyumbani, naye mama akajibu kwa upole wa mtu aliyejizuia: "Afande, mimi nimemleta mtoto aliyevunjwa mkono. Hayo ya alikokuwa utamuuliza mwenyewe akipata nafuu." Namba ya OB, yaani ya kitabu cha matukio cha kituo, ilitolewa, ikaandikwa kwenye kijikaratasi kilichochanwa, na wakaambiwa waende hospitali. Baadaye sana, wakili alipopata nakala ya ukurasa ule wa OB, ilionekana kwamba kilichoandikwa ni kuwa mlalamishi alianguka na pikipiki akaumia mkono. Sentensi hiyo moja ndiyo iliyokuja kuwa utetezi wote wa serikali mahakamani.

Kwa hiyo mimi humwomba kila mtu, kabla hajaondoka kwenye meza ile, amwombe askari amsomee alichokiandika. Hiyo ni haki yake. Tena humwomba aende na mtu wa pili, kwa sababu ni polisi wachache tu wanaothubutu kukataa kusoma mbele ya shahidi.

Kisha kuna fomu ya P3. Hii ndiyo hati ambayo daktari au afisa wa kliniki huijaza kueleza jeraha, na mahakama huitegemea sana. Haitozwi ada, ingawa watu bado huombwa pesa. Sehemu yake ya kwanza hujazwa na polisi na hupigwa muhuri wa kituo, jambo lisilo na ubaya mtu akiwa ameumizwa na jirani yake. Lakini aliyeumizwa na polisi hulazimika kurudi kwenye kituo kile kile, pengine kwa wenzake wale wale, kuomba hati itakayowafunga. Nimeona watu wakizungushwa hadi uvimbe ukapungua na michubuko ikafifia. Ndiyo maana kadi ya hospitali ya siku ya kwanza, picha ya eksirei na picha zilizopigwa kwa simu zina thamani kubwa, na ndiyo maana kituo kingine chochote cha polisi kinaweza kuombwa kutoa P3 pale kinachohusika kinapokataa. Kijana wa bodaboda aliokolewa na eksirei yake. Daktari aliieleza mahakama kwamba mfupa wa upande wa kidole kidogo ulikuwa umevunjika katikati huku kiwiko, kifundo na kiganja vikiwa salama bila mchubuko, na kwamba mvunjiko wa namna hiyo ni wa mtu aliyeinua mkono kukinga kichwa dhidi ya pigo. Anayeanguka na pikipiki hutanguliza viganja, naye huumia kwingine.

IPOA inaweza kuchunguza, kuwahoji askari na kudai stakabadhi, lakini haiwezi kumshtaki mtu. Faili hupelekwa kwa Mkurugenzi wa Mashtaka ya Umma, naye ndiye anayeamua. Mkondo huo umewahi kuzaa matunda, na ulianza kuzaa hapa hapa Pwani. Agosti 2014, katika eneo la Kinango, kaunti ya Kwale, Kwekwe Mwandaza, msichana wa miaka 14, alipigwa risasi na polisi waliovamia nyumba aliyolala usiku wakimtafuta mtu mwingine. Polisi walidai kwamba msichana huyo aliwavamia kwa panga. Maiti yake ilikuwa imezikwa tayari, ikabidi ifukuliwe ili ifanyiwe uchunguzi, na Februari 2016 Mahakama Kuu ya Mombasa iliwatia hatiani maafisa wawili kwa kuua bila kukusudia na kuwafunga miaka saba kila mmoja. Hiyo ndiyo iliyokuwa hukumu ya kwanza ya hatia iliyotokana na uchunguzi wa IPOA. Wanaosema kwamba mamlaka hiyo haina kazi huwa wamewasahau watu wa Kinango. Lakini tukubaliane pia kwamba kesi iliyofika mwisho kwa sababu mtoto alizikwa na kufukuliwa haiwezi kuwa kipimo cha kila siku.

Hofu ya walalamishi ina sababu, na sababu hiyo ina majina. Aprili 2015 mwendeshaji bodaboda Josephat Mwenda alipigwa risasi ya mkono na afisa wa polisi, Fredrick Leliman, aliyekuwa amemsimamisha barabarani. Badala ya kupewa pole alifunguliwa mashtaka. Alipeleka malalamiko IPOA na akapata wakili, Willie Kimani, wa shirika la International Justice Mission. Tarehe 23 Juni 2016 walitoka katika mahakama ya Mavoko wakiwa na dereva wao wa teksi, Joseph Muiruri, wakatekwa njiani na kufungiwa katika kambi ya polisi ya Syokimau. Kimani alifaulu kuandika ujumbe kwenye kipande cha karatasi ya choo, akimwomba atakayeiokota ampigie simu mkewe. Karatasi iliokotwa, lakini waliokuwa ndani hawakuokolewa. Miili ya wote watatu ilipatikana mtoni, eneo la Ol Donyo Sabuk. Julai 2022 Jaji Jessie Lessit aliwatia hatiani Leliman, maafisa wengine wawili na raia mmoja aliyekuwa mtoa habari wao, na Februari 2023 akamhukumu Leliman kifo na wengine vifungo vya kati ya miaka 20 na 30. Ilichukua karibu miaka saba, na hiyo ni kesi ambayo mawakili wa nchi nzima waligoma kwa ajili yake. Mlalamishi wa kawaida hana chama cha mawakili nyuma yake.

Jambo moja katika kisa cha Mwenda ni la kawaida mno: kumshtaki mlalamishi. Mtu anayeripoti kupigwa hujikuta akikabiliwa na shtaka la kumzuia afisa kutekeleza kazi yake, au la kuleta fujo akiwa mlevi. Baada ya muda huja mtu mwenye sauti ya upole, mara nyingi jamaa au mzee wa mtaa aliyetumwa, akipendekeza kwamba pande zote mbili zisameheane: ondoa malalamiko yako, nasi kesi yako itakosa mashahidi. Mama wa yule kijana aliambiwa maneno hayo hayo na mtu aliyemheshimu sana, na akakataa. Simlaumu anayekubali, kwa sababu kwenda kortini kila mwezi kunamgharimu mchuuzi riziki ya siku nzima. Lakini wanaofuata sheria wafahamu kwamba shtaka la kubambikiwa lenyewe ni msingi wa kesi nyingine ya madai pale mshtakiwa anapoachiliwa na kuweza kuthibitisha kwamba alishtakiwa bila sababu ya kuridhisha na kwa nia mbaya.

Sasa nifike kwenye kesi za madai, mahali ambapo nadhani ukimya wetu umezidi. Sheria ya ukomo wa muda wa kuzishtaki mamlaka za umma, Sura ya 39, inasema katika kifungu cha 3 kwamba anayeidai serikali fidia kwa kosa la madhara lazima afungue kesi ndani ya miezi 12 tangu kosa lilipotendeka. Anayemdai jirani yake kwa kosa la aina hiyo hiyo ana miaka mitatu. Yaani aliyeumizwa na mwenye bunduki ya serikali, mwenye hofu zaidi na ushahidi ulio mgumu zaidi kuupata, ndiye aliyepewa theluthi ya muda. Uchunguzi wa IPOA ukichukua miaka miwili, na mwathiriwa akawa anasubiri kwa imani ripoti itoke ndipo amtafute wakili, atakuwa amechelewa kabla hajaanza. Nimewaona watu wakiingia afisini wakiwa na barua nzuri ya kuwaarifu kwamba malalamiko yao yamethibitishwa, na ikabidi waambiwe kwamba dai lao la kawaida limekufa. Nawasihi wanaosoma haya: fungueni kesi mapema, uchunguzi uendelee sambamba. Palikuwepo pia sharti la kuipa serikali notisi ya siku 30 kabla ya kuishtaki, ambalo Mahakama Kuu ililitangaza mwaka 2012 kuwa kinyume cha Katiba, na sioni kwa nini huu mwaka mmoja nao usipimwe kwa mizani hiyo hiyo.

Aliyechelewa hajafungiwa milango yote. Ibara ya 22 ya Katiba inamruhusu mtu yeyote kwenda mahakamani akidai kwamba haki yake imevunjwa, au kwa niaba ya mwenzake asiyeweza kwenda mwenyewe, na inasema kwamba hakuna ada ya kufungua kesi hiyo. Kanuni zilizotolewa mwaka 2013, zinazojulikana kwa jina la Jaji Mkuu wa wakati huo, Willy Mutunga, zinakubali hata ombi lisilo rasmi, la barua au la mdomo, ambalo msajili wa mahakama huliandika. Na tangu mwaka 2015 madai ya kuteswa au kutendewa ukatili yanaweza kusikizwa hata na hakimu. Madai ya Katiba hayana ukomo uliotajwa, ingawa majaji humtaka aliyechelewa aeleze sababu. Ni kwa njia hiyo waathiriwa 21 wa mateso ya vyumba vya chini vya jengo la serikali la Nyayo House, Nairobi, walipata hukumu ya fidia mwaka 2010, zaidi ya miongo miwili baada ya wengi wao kuteswa. Na ni kwa njia hiyo, Desemba 2020, Jaji Weldon Korir aliamuru manusura wanne wa ukatili wa kingono wa 2007 na 2008 walipwe shilingi milioni nne kila mmoja, kwa sababu serikali ilishindwa kuwalinda au kuchunguza yaliyowapata.

Hapa nina jambo linaloniuma. Wazee wetu walioteswa na wakoloni Waingereza katika kambi za kuwazuilia Mau Mau walimkuta jaji huko London aliyekubali, Oktoba 2012, kwamba kesi yao isikizwe ingawa nusu karne ilikuwa imepita, kwa kuwa kumbukumbu zilikuwepo na haki bado ingeweza kutendeka. Juni 2013 serikali ya Uingereza iliafiki kulipa pauni milioni 19.9 kwa Wakenya 5,228. Serikali yetu ilishangilia pamoja na wazee hao, na ilistahili kushangilia. Lakini mawakili wa serikali hiyo hiyo huingia katika mahakama za Nairobi kupinga madai ya Wakenya walioteswa na Wakenya wenzao kwa hoja kwamba muda umepita.

Turudi kwa aliyeshinda. Kijana wa bodaboda alishinda. Hakimu alimwamini daktari kuliko OB. Jamaa zake walipiga vigelegele nje ya mahakama, na mimi sikuwa na moyo wa kuwaambia siku ile kwamba safari ndefu zaidi ndiyo inayoanza. Anayemshinda mfanyabiashara kortini na asilipwe huweza kumtuma dalali akashike gari au mali nyingine. Anayeishinda serikali, kwa mujibu wa kifungu cha 21 cha sheria inayohusu mashauri dhidi ya serikali, Sura ya 40, kwa miaka mingi hajaruhusiwa kushika chochote. Inabidi aombe cheti maalumu cha kuonyesha kiasi anachodai, akipeleke kwa Mwanasheria Mkuu na wizarani, angoje, kisha arudi Mahakama Kuu kufungua shauri jipya la kuomba amri ya kumlazimisha Katibu wa Wizara kulipa, na amri hiyo ikipuuzwa, aombe tena katibu huyo aadhibiwe kwa kudharau mahakama. Kila hatua ina wakili, nauli na tarehe ya kuahirishwa. Wapo wazee wa mateso ya zamani waliokufa na hukumu zao mkononi. Mkono wa kijana umeunga vibaya kidogo, anaendesha pikipiki kwa maumivu msimu wa baridi, na cheti chake kipo wizarani.

Agosti 2025 Rais William Ruto alitangaza utaratibu na jopo la wataalamu la kushughulikia fidia ya waathiriwa wa maandamano, na hatua hiyo ikapingwa mahakamani. Sipingi familia zilizofiwa zilipwe haraka, ningefurahi. Kinachonitia wasiwasi ni fidia inayotolewa kama hisani ya aliye madarakani, bila kusema nani alifyatua risasi, huku hukumu za mahakama zilizokwisha kutolewa zikikaa kabatini. Pesa zisizoambatana na jina la mkosaji hazimfundishi mkuu wa kituo chochote.

Ninachotaka kinaweza kuandikwa kwa lugha nyepesi. Fidia inayotokana na kosa la askari ilipwe kutoka bajeti ya polisi yenyewe, ndani ya muda uliowekwa na sheria, na orodha ya hukumu hizo ichapishwe kila mwaka ikionyesha kituo na kiasi, ili Bunge linapojadili bajeti lione ni vituo gani vinavyoigharimu nchi. Afisa aliyethibitishwa na mahakama kwamba alitesa au alibambika kesi achangie sehemu ya fidia kutoka mshahara wake, kwa kiwango ambacho hakitawaangamiza watoto wake lakini atakachokihisi kila mwisho wa mwezi. Tume ya Huduma ya Polisi ipelekewe nakala ya kila hukumu, na isimpandishe cheo mtu kabla ya kuisoma. Najua hoja ya wakubwa wa polisi, kwamba askari akiogopa kulipa ataogopa kufanya kazi. Daktari hufanya kazi akijua anaweza kushtakiwa kwa uzembe, na dereva wa matatu pia, na hakuna anayesema kwamba hospitali zifungwe au magari yasiende. Askari mwema, nao ni wengi, hana cha kupoteza katika utaratibu huu. Anayelindwa na utaratibu wa sasa ni yule anayewachafulia wenzake jina.

La haraka zaidi ni ile miezi 12. Kuigeuza iwe miaka mitatu, na kusema kwamba muda usihesabiwe wakati IPOA inachunguza, hakuhitaji tume wala jopo. Ni marekebisho ya kifungu kimoja, na mswada wake hautazidi ukurasa mmoja. Wabunge wa Pwani, ambao wapiga kura wao wamezika watoto kwa risasi za polisi, wana kila sababu ya kuwa wa kwanza kuuwasilisha, na mwaka wa uchaguzi ndio wakati wa kuwauliza, hadharani, watauwasilisha lini.